BERINGI ZA KRANKISHAFTI: PIMA KWANZA, NUNUA BAADAYE

Somo kwa wenye magari na mafundi wa Garsen na nchi ya Mto Tana

Mto Tana ni mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Hutoka katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, ukasafiri mwendo wa kilometa 1,000 hivi mpaka baharini karibu na Kipini. Mvua zinyeshapo kwa wingi huko juu, maji hushuka yamejaa tope, nayo huenea katika mabonde ya Garsen hata siku ambazo jua linawaka. Mafuriko makubwa ya mwaka 1961, 1997, 2018 na 2023 hayajasahauliwa.

Zamani magari yaliyotoka Malindi kwenda Lamu yalingoja kivuko pale Garsen. Siku hizi lipo daraja, lakini daraja haliwezi kuyazuia maji yasipite juu ya barabara penye mabonde. Mwenye pikapu aliyepakia maembe, au aliyemchukua mgonjwa wa kupelekwa hospitali, huona vigumu kungoja. Hujitosa majini. Pengine huvuka salama. Pengine maji huingia katika injini, na madhara yake hayaonekani siku ile, bali majuma machache baadaye, injini inapoanza kugonga kwa ndani kila ipandapo kilima au ivutapo mzigo. Hapo ndipo fundi huitwa, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea kwa sababu ya kununua beringi kabla ya kupima.

KAZI YA BERINGI

Pistoni hupanda na kushuka. Konrodi hupokea nguvu zake na kuzipeleka kwenye krankishafti, yaani ule mti wa chuma wenye mapindo, ambao hugeuza mwendo wa kupanda na kushuka uwe mwendo wa kuzunguka. Sehemu za krankishafti zilizosuguliwa zikang'aa, ambazo katika somo hili zitaitwa shingo, huzunguka ndani ya beringi. Zipo beringi kuu, zinazoishika krankishafti katika mwili wa injini, na beringi za konrodi.

Kila beringi ni vipande viwili vya nusu duara. Mgongo wake ni chuma cha pua. Uso wake ni madini laini, kama vile mchanganyiko wa shaba na risasi, au wa aluminiamu na stani. Mmarekani Isaac Babbitt alipata hati ya uvumbuzi wake wa beringi za madini laini mwaka 1839, na kwa miaka mingi fundi aliyayeyusha madini hayo, akayamimina mahali pake, kisha akayakwangua kwa mkono mpaka yakalingana na shingo. Siku hizi beringi hununuliwa tayari, wala hazikwanguliwi.

Yafaa kukumbuka ya kwamba injini nzima inapokimbia, shingo haigusani na beringi hata kidogo. Huelea juu ya utando mwembamba wa oili inayosukumwa na pampu. Utando huo ukivunjika, chuma husugua chuma, na mwisho wa injini umekaribia.

MAJI NA TOPE

Maji yakichanganyika na oili, oili hugeuka rangi ikafanana na chai ya maziwa. Oili ya namna hiyo haiwezi kuchukua uzito wa krankishafti. Tope nalo lina mchanga mwembamba sana. Madini laini ya beringi yaliwekwa makusudi yameze chembe chache zisiikwaruze shingo, lakini chembe zikizidi, beringi hujaa, nayo hugeuka kuwa kama msasa.

Kwa hiyo, gari likizimika majini, lisiwashwe tena wala lisisukumwe likiwa katika gea. Maji hayashindiliki kama hewa. Pistoni ikikutana nayo, konrodi hupinda. Livutwe mpaka nchi kavu, maji yatolewe katika silinda, oili yote imwagwe, chujio libadilishwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

KUPIMA

Injini ikisha kufunguliwa, fundi asitupe beringi za zamani. Azipange kwa taratibu, kila moja na mahali pake, kwa maana ni mashahidi. Mikwaruzo mingi huonyesha uchafu. Uso uliofutika na kuyeyuka huonyesha ukosefu wa oili. Beringi iliyolika upande mmoja tu huonyesha ya kwamba konrodi imepinda. Sababu isipoondolewa, beringi mpya zitakufa kama zile za kwanza.

Kisha kila shingo isafishwe na kupimwa kwa maikromita. Kipimo kimoja hakitoshi. Ipimwe karibu na ncha zote mbili, na kila mahali ipimwe mara mbili, kipimo cha pili kikiukata cha kwanza kama msalaba. Ndivyo ijulikanavyo kama shingo imekuwa na umbo la yai, au kama imekuwa nyembamba upande mmoja.

KUCHAGUA

Tuseme shingo ilikuwa na upana wa milimeta 50.00 ilipokuwa mpya. Fundi apima, apata 49.96 upande mmoja na 49.91 upande wa pili. Shingo hiyo imekuwa yai kwa milimeta 0.05, nayo haifai tena bila kusagwa kwa mashini.

Fundi mwenye haraka ataweka beringi za kipimo cha kwanza, zenye alama ya STD. Nafasi iliyotakiwa kuwa milimeta 0.04 itakaribia 0.13. Oili itamwagika pembeni, nguvu ya oili itashuka, na kugonga kutarudi.

Fundi wa pili atanunua beringi nene zaidi zenye alama ya 0.25, aziweke juu ya shingo ile ile isiyosagwa. Beringi hizo zilitengenezwa kwa shingo ya 49.75, shingo ya 49.91 haitazunguka ndani yake. Ndipo huanza kutia tupa katika vifuniko, na kazi huharibika kabisa, kwa maana kifuniko kilichotiwa tupa hakiwezi kurudishiwa mviringo wake kwa mkono.

Njia iliyo sawa ni hii. Krankishafti ipelekwe kwa wenye mashini ya kusagia, kama walioko Mombasa. Kutoka Garsen safari hiyo ni zaidi ya kilometa 200, lakini ni nafuu kuliko kuifungua injini mara mbili. Shingo isagwe mpaka 49.75, ikiwa mikwaruzo haijakwisha, isagwe mpaka 49.50. Shingo zote za konrodi ziwe na kipimo kimoja, na shingo zote za beringi kuu kadhalika. Beringi zinunuliwe baadaye, kwa kufuata kipimo kilichopatikana: 0.25, 0.50, 0.75 au 1.00. Katika injini zinazopimwa kwa inchi, alama zake ni 0.010, 0.020, 0.030 na 0.040. Injini nyingi za Toyota zina tarakimu zilizochapwa katika krankishafti na katika mwili wa injini. Hujumlishwa, na jumla yake huonyesha beringi ifaayo, maadamu shingo haijasagwa. Kitabu cha kampuni iliyotengeneza injini ndicho hakimu.

KUFUNGA

Matundu yote ya oili ndani ya krankishafti yaoshwe, maana unga wa jiwe la kusagia hubaki humo. Nyuma ya beringi pawe pakavu na safi. Pasitiwe oili, wala karatasi, wala kipande cha bati. Tundu la beringi lielekeane na tundu la oili. Kila kifuniko kirudi mahali pake na upande wake. Kwa hiyo vitiwe alama kabla ya kufunguliwa.

Nafasi ipimwe kwa uzi laini uitwao Plastigauge. Uzi huwekwa juu ya shingo kavu, kifuniko hufungwa kwa nguvu iliyoandikwa kitabuni, bila kuizungusha krankishafti, kisha hufunguliwa. Upana wa uzi uliobanwa hulinganishwa na kipimo kilichochapwa katika karatasi yake. Uzi ukiisha kuondolewa, nyuso za beringi zipakwe oili safi, na bolti zikazwe hatua kwa hatua kwa spana yenye kipimo. Kila kifuniko kikazwapo, krankishafti izungushwe kwa mkono. Ikikataa, kazi isimamishwe papo hapo na sababu itafutwe.

Kabla injini haijawaka, pampu ipeleke oili kwanza katika njia zake zote. Injini ikiwaka, jicho liwe kwenye taa ya oili. Isipozimika upesi, injini izimwe. Gari lisipakiwe mzigo mzito katika safari zake za kwanza.

Mgonjwa aliye ndani ya pikapu kati ya Minjila na Malindi hawezi kujua kama shingo ilipimwa. Ajuaye ni fundi peke yake.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini shingo moja hupimwa zaidi ya mara moja?
2. Beringi ya 0.25 ikiwekwa juu ya shingo isiyosagwa, hutokea nini?
3. Kwa nini haifai kutia karatasi nyuma ya beringi? (Fikiri juu ya joto, na mahali liendapo.)
4. Gari limezimika katika maji. Ni mambo gani yasiyofaa kufanywa?