Barakoa ni ya Ndani ya Gari
Kijitabu cha afya kwa nyumba zenye watoto wa kwaya, ngoma na maigizo

Kimeandikwa kwa nani

Kwa mzazi, mlezi, mwalimu wa kwaya na dereva.

Jambo lenyewe

Kila msimu wa mashindano ya shule na matamasha ya kwaya, zahanati hupokea wagonjwa wa aina ileile. Kikundi kimeondoka kizima, kimerudi na kombe na kikohozi. Haipiti wiki, wadogo zao nyumbani wanakohoa, mama anakohoa, na bibi ambaye hakuvuka hata uzio wa nyumba amelazwa kwa nimonia. Wazazi wanauliza kama barakoa ingesaidia. Ingesaidia, lakini kuna mahali inasaidia kuliko kwingine, na hapo ndipo watoto wetu wanapoivua. Barakoa ivaliwe ndani ya gari, na ifunike pua. Msomaji asiye na muda anaweza kufunga kijitabu hapa, akaenda kumwambia mwanawe hilo moja tu.

Tazama barakoa inavyotumika safarini. Siku ya kuondoka watoto wamepanga mstari uwanjani, upepo unavuma, na kila mmoja ana barakoa usoni kwa sababu mwalimu anakagua na kuna mtu anapiga picha. Gari likishatoka getini, barakoa zinashuka kidevuni. Likiingia barabara ya vumbi, vioo vinafungwa. Hapo mmoja anaanzisha wimbo, wenzake wanaitikia, na wataimba hivyo saa tano au sita, wamebanana wanne kwenye kiti cha watatu, chupa moja ya maji ikipita mkono kwa mkono. Wakishuka kula, barakoa zinapandishwa tena, maana sasa kuna watu wanaotazama. Yaani inavaliwa penye hewa tele, inavuliwa pasipo na hewa. Na baadaye tunalalamika kwamba barakoa hazifanyi kazi.

Kwa nini gari

Mafua, korona na kifua kikuu hutoka na pumzi ya mgonjwa, na anayeimba kwa nguvu hutoa mengi kuliko anayezungumza taratibu. Penye upepo, pumzi hiyo hutawanyika. Ndani ya gari lililofungwa inabaki, na walio karibu wanaivuta. Hiyo inatosha kwa kazi yetu.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka jimbo la Zhejiang, China, Januari 2020, kabla watu hawajazoea barakoa. Waumini walikodi mabasi mawili kwenda ibada moja. Basi la kwanza lilibeba watu 60, la pili 68, na katika hilo la pili alikuwamo mtu mmoja mwenye korona. Kiyoyozi kilikuwa kikizungusha hewa ileile. Walikwenda mahali pamoja, ibada moja, kisha wakarudi kila mmoja na basi lake. Katika basi la mgonjwa waliambukizwa watu 23. Katika basi lile jingine hakuambukizwa hata mmoja. Safari nzima, kwenda na kurudi, ilikuwa chini ya saa mbili. Mzazi apige hesabu mwenyewe: vijana wetu wanakaa humo muda gani kutoka Songea hadi Dodoma, au kutoka Kakamega hadi Mombasa?

Sasa ongeza kuimba. Mwezi Machi 2020, huko Skagit, jimbo la Washington nchini Marekani, wanakwaya 61 walifanya mazoezi ya saa mbili na nusu ukumbini bila barakoa. Mmoja alikuja akiwa na dalili za mafua. Waliougua baada ya hapo, pamoja naye, walifika 53, na wawili walifariki. Wale walikuwa watu wazima, wengi wazee, na mtu atasema vijana ni tofauti. Basi aangalie kambi ya vijana ya jimbo la Georgia, nchi hiyohiyo, Juni mwaka huohuo. Wafanyakazi waliagizwa kuvaa barakoa za kitambaa, watoto hawakuagizwa. Waliimba na kushangilia kila siku, wakalala vyumba vya pamoja, na madirisha hayakufunguliwa. Kati ya 344 ambao majibu yao ya vipimo yalipatikana, 260 walikuwa wameambukizwa. Siwezi kusema kwamba kukosekana kwa barakoa peke yake kulileta hayo, kwa kuwa mambo mengi yalikutana pale: kulala pamoja, kuimba, kufunga madirisha. Lakini mambo hayo yote ndiyo safari ya kikundi chetu. Hatuwezi kuwakataza kulala pamoja wakiwa ugenini, wala kuwakataza kuimba. Kilicho mikononi mwetu ni dirisha na barakoa.

Barakoa yenyewe inafanya nini

Inapunguza. Haizuii yote, na anayeiuza kwa maneno kwamba inazuia yote anadanganya. Mei 2020, katika mji wa Springfield, jimbo la Missouri, wasusi wawili waliendelea kuhudumia wateja huku wakiwa na korona. Wateja walikuwa 139, karibu nao kabisa kama msusi alivyo na kichwa anachokisuka. Msusi na mteja walivaa barakoa. Wateja 67 walikubali kupimwa, na hakuna aliyekutwa na ugonjwa. Nchini Bangladesh, utafiti wa vijiji 600 wenye watu wazima zaidi ya 340,000 uligawa barakoa na kuwahimiza watu wazivae. Waliovaa walipanda kutoka 13 hadi 42 katika kila mia. Hawakufika hata nusu, na bado katika vijiji vilivyopewa zile za hospitali maradhi ya korona yalipungua kwa asilimia 11, na kwa wenye miaka 60 na zaidi yalipungua kwa takriban theluthi moja. Barakoa za kitambaa hazikuonyesha faida iliyo wazi namna hiyo. Kwa hiyo ukiwa na fedha kidogo, nunua zile nyepesi za hospitali, uache za kitambaa chenye nembo ya kikundi, hata kama zinapendeza kwenye picha.

Hoja za wanaopinga

Wapo wanaotaja utafiti wa Denmark wa mwaka 2020, uliohusisha watu wapatao 6,000, na wanasema ulithibitisha kwamba barakoa ni bure. Waliopewa barakoa waliambukizwa 1.8 katika kila mia, wasiopewa 2.1, tofauti ndogo mno kuamulia jambo. Lakini utafiti ule uliuliza swali moja tu: je, mvaaji anajikinga akiwa katikati ya watu wasiovaa? Haukuuliza mgonjwa anapovaa anawakinga wenzake kiasi gani, na kwenye gari la kwaya hilo ndilo swali, kwa sababu hatujui nani kati ya watoto 40 ameanza kuugua leo. Mtoto mmoja akivaa na 39 wasivae, faida ni ndogo. Wakivaa wote, mgonjwa naye amevaa. Ndiyo maana naomba iwe amri ya safari, isiwe hiari ya kila familia.

Hoja ya pili: vijana hawazidiwi na mafua. Wengi ni kweli hawazidiwi. Ila hawaishi peke yao, na mwenye kuzidiwa ni mtoto mchanga anayelala kitanda kimoja na dada yake aliyerudi safari, au babu mwenye kisukari. Hoja ya tatu: barakoa inabana pumzi. Ukicheza ngoma nayo, ndiyo, inabana, na ikilowa jasho haifai tena. Kwa hiyo hakuna anayesema icheziwe ngoma. Mwenye pumu ambaye barakoa inamsumbua akae dirishani, dirisha liwe wazi, na dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni, isiwe kwenye begi lililofungwa juu ya gari. Hoja ya nne: korona imeisha. Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 2023 kwamba si dharura ya dunia tena, halikutangaza kwamba haipo. Mafua makali na kifua kikuu havikungoja tangazo hilo. Hoja ya tano, ambayo husemwa kwa sauti ya chini: tumejifukiza na tumeomba. Kuomba kabla ya safari ni jambo jema na hakugombani na kufungua dirisha. Kujifukiza hakuzuii mtoto kuambukizwa akiwa njiani, na maji ya moto yameunguza watoto.

Inabaki bei. Mtoto anahitaji barakoa moja ya kwenda, moja ya kurudi, na moja ya akiba kwa itakayolowa. Kikundi kinachoweza kushona sare mpya kinaweza kununua hizo.

Jukwaani

Jukwaa la nje: vua, imba.

Ndani ya gari

Barakoa ivaliwe ndani ya gari, na ifunike pua. Iliyofunika mdomo ikaacha pua haijavaliwa. Iliyo kidevuni haijavaliwa. Iliyokunjwa mfukoni pamoja na karanga haijavaliwa, na ikitolewa humo isirudishwe usoni. Usimwazime mwenzako. Usiigeuze upande wa pili ikichafuka. Usiishushe ili uimbe. Wanaotaka kuimba garini waimbe nayo, sauti ya chini, na wakichoka wanyamaze, hakuna jaji humo. Dereva na utingo nao wavae, kwa sababu wao wamebeba kikundi kingine jana. Vioo vya pande zote mbili vifunguliwe angalau kiganja kimoja, hata kwenye baridi ya Makambako. Mtoto avae sweta. Vumbi likizidi, fungeni mpaka lipite, kisha mfungue, msisahau hapo. Kiyoyozi hakichukui nafasi ya dirisha. Kila anayekunywa anywe chupa yake, yenye jina lake. Mtoto anayetapika au anayeona pumzi inakwama avue mara moja. Walio chini ya miaka mitano wasivalishwe kabisa. Na gari likisimama, wote washuke, vioo viachwe wazi.

Narudia kwa mwalimu mwenye zamu: usikague barakoa uwanjani. Kagua gari likishatembea.

Mgonjwa

Mwenye homa, kikohozi au mafua mabichi hasafiri, hata kama ndiye mwanzishaji wa wimbo.

Mahali pa kulala

Vikundi vingi hulazwa madarasani, magodoro chini. Hatumtaki mtoto alale na barakoa. Madirisha yawe wazi, kila mtoto awe na chandarua, na magodoro yapangwe kwa kupishanisha, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule. Anayeanza kukohoa usiku ahamishwe karibu na mlango au chumba kingine pamoja na mlezi, asisimangwe.

Ambayo barakoa haiyazuii

Barakoa haizuii kuhara wala kipindupindu. Hayo ni maji, mikono na chakula kilicholala. Haizuii macho mekundu, kama yale yaliyosambaa Dar es Salaam Januari 2024. Hayo hupitia mikono na taulo, na pia poda na wanja wa jukwaani vikitumiwa na wengi. Usiitegemee kwa surua. Kinga yake ni chanjo, ya miezi 9 na ya miezi 18, na mtoto aliyeikosa apelekwe kabla ya msimu. Haimtibu mwenye kifua kikuu. Anayekohoa wiki mbili au zaidi, anayetoka jasho usiku au anayekonda aende kupimwa kabla ya kurudi mazoezini. Kwaya hukutana kila wiki chumba kilekile, mwaka mzima, na huo ni muda wa kutosha kwa kifua kikuu kuhama kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Tanzania kupima na kutibu kifua kikuu ni bure.

Safari ya kurudi

Hapa ndipo kila kitu huharibika. Mashindano yamekwisha, ni usiku, watoto wamechoka na wamechanganyika na vikundi vya mikoa mingine kwa siku kadhaa. Ndiyo safari yenye uwezekano mkubwa zaidi wa kubeba mgonjwa, na ndiyo inayofungwa vioo vyote ili watu walale. Barakoa za kwenda zimeshatupwa. Mwalimu atunze za kurudi kwenye begi lake mwenyewe tangu siku ya kwanza, azigawe mlangoni, mtoto asipande kabla hajavaa. Barakoa ivaliwe ndani ya gari, na ifunike pua, hasa safari ya kurudi. Anayesinzia avae pia, na aliye macho jirani yake amwangalie.

Akifika nyumbani, mtoto akae siku tano bila kulala chumba kimoja na mzee au mchanga, na avae barakoa akiwahudumia. Akipata homa inayozidi siku tatu, au akapumua kwa shida, au kifua kikabana, mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo na mwelezeni mhudumu kwamba ametoka safari na kikundi. Kwa ushauri, Tanzania piga 199, bila malipo.