Somo la Usuli: Qiyas na Jua Ndani ya Kompyuta



Ndugu zangu, jioni moja baada ya swala ya Magharibi nilikuwa Gisimenti nikinywa chai na rafiki yangu anayesomea fizikia. Akafungua kompyuta, akanionesha pete ya rangi ikizunguka. "Hii ni plazima," akasema.

"Mashaallah! Kompyuta imethibitisha. Ijumaa nitaitaja kwenye darsa."

Akacheka. "Haijathibitisha kitu, sheikh. Imekisia kwa hesabu."

Niliona haya, kisha nikagundua kwamba jambo hili tunalisoma katika usuli kila wiki.

Plazima ni nini?

Gesi ikipata joto kali mno, elektroni huachana na viini vya atomu. Hiyo ndiyo plazima, na jua limeumbwa kwayo. Katikati ya jua joto ni takriban nyuzi milioni 15 za Selsiasi, na uzito wa jua lenyewe huibana plazima hiyo mpaka viini viungane na kutoa nishati. Sisi hatuna uzito huo, hivyo mashine zetu huhitaji nyuzi zaidi ya milioni 100. Hakuna chungu cha kulihimili joto hilo. Plazima huzuiwa kwa nguvu ya sumaku, ndani ya bomba lenye umbo la pete liitwalo tokamaki.

Tokamaki ya GOLEM, mjini Prague, ni ndogo: kutoka katikati ya pete hadi katikati ya bomba ni sentimita 40, na wanafunzi wa nchi mbalimbali huiendesha kwa intaneti. ITER, inayojengwa Ufaransa, kipimo hicho ni mita 6.2.

Kompyuta hufanyaje?

Chembe hazihesabiki. Programu huifanya chembe moja iwakilishe nyingi, hugawa nafasi katika vyumba vidogo, hukokotoa nguvu za umeme na sumaku, husogeza chembe hatua moja, kisha huanza upya.

Nguzo nne

Asili ni mashine iliyokwisha kupimwa. Tawi ni ile isiyojengwa bado. Illa ni kanuni za maumbile zinazotawala zote mbili. Hukumu ni muda ambao joto litabaki ndani.

Na kosa lake ni lile lile: qiyas ma'al fariq, kulinganisha vitu vyenye tofauti ya msingi. Chembe huzunguka kwa kujiviringisha kwenye njia za sumaku. Katika bomba jembamba, mviringo huo ni mkubwa ukilinganisha na upana wa bomba, hivyo misukosuko inayotorosha joto haifanani na ya mashine kubwa. Matokeo ya ndogo hayapelekwi kwenye kubwa bila kupimwa.

Tunajifunza nini?

1. Surat al-Hujurat, aya ya 6, inatuamuru kuhakikisha habari. Picha nzuri kwenye kioo nayo ni habari.
2. Surat al-Mulk, aya ya 3 na 4, inatutaka turudishe macho tena na tena. Tusikimbilie kudai kwamba aya fulani "ilitabiri" tokamaki. Nadharia ikibadilika, watu wataidhania aya kasoro.
3. Elimu hii haiko mbali. Abdus Salam wa Pakistani alianzisha kituo cha fizikia cha ICTP mjini Trieste mwaka 1964, na semina yake ya kwanza ilihusu plazima. Leo hapa Kigali, katika Chuo Kikuu cha Rwanda, ipo taasisi mshirika wake, EAIFR.

Ijumaa ile darsani nilisema: "Wamekisia, na bado wanapima." Hakuna aliyepiga takbiri, lakini nilikuwa nimesema kweli.

Swali la kujadili: Ni habari gani uliyoisambaza wiki hii kabla ya kuijua illa yake?

Wallahu a'lam.