Somo kwa Vyama: Gari la Chama Linapogonga Mbele



Katika ukaguzi wa chama kimoja nilikuta hati tatu za malipo ya shokamzoba za mbele, zote za mwaka mmoja na zote za pikapu moja, Toyota Hilux ya miaka ya 1980. Niliandika katika taarifa yangu kuwa matengenezo yanakula fedha za wanachama, na kwamba yapunguzwe. Kamati ikatii.

Miezi miwili baadaye gari hilo, likiingia uwanja wa ghala na magunia ya mbolea, gurudumu lake la kushoto lililala. Boljointi ya chini ilikuwa imechomoka. Mwendo ulikuwa mdogo na hakuna aliyeumia; lakini muda mfupi kabla ya hapo lilikuwa likiteremka mlima, na wanachama wanne wameketi juu ya magunia. Dereva alikwisha kusema mara mbili kuwa gari linagonga mbele. Neno lake halikuandikwa popote, wala mimi sikumwuliza.

Somo letu, basi, ni hili: sauti ya gari ni taarifa, na taarifa huandikwa na kupimwa kabla ya fedha kutoka.

1. Dereva aulizwe. Sauti ni ya namna gani? Yatoka upande gani? Husikika wakati gani: penye mashimo, kwenye kona, au breki zikikanyagwa? Ilianza lini?

2. Sauti na maana zake.
(a) Mngurumo unaozidi kadiri mwendo unavyozidi: shuku beringi ya gurudumu. Ukiongezeka gari likikata kona ya kulia, anza na ya kushoto, kwa kuwa uzito huhamia huko.
(b) Kugonga penye mashimo: huenda ni shokamzoba, bushi au boljointi. Kandamiza pembe ya gari kwa nguvu, kisha uiachie. Ikiendelea kunesanesa, shokamzoba imechoka.
(c) Kugongagonga usukani unapotikiswa gari limesimama: tazama viungo vya tairodi.
(d) Mkwaruzo wa chuma kwa chuma breki zikikanyagwa: pedi zimekwisha. Gari lisiondoke.

3. Kipimo. Kwanza nati za magurudumu zikaguliwe, maana nati iliyolegea nayo hugonga. Gari lisimame mahali tambarare, magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa mawe. Gurudumu la mbele liinuliwe kwa jeki, na chasisi iegemezwe juu ya gogo imara. Mtu yeyote asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki. Mchezo ukikoma, kasoro i katika beringi, na pengine yatosha kuikaza na kuitia grisi. Mchezo ukibaki, shuku boljointi. Kisha shika tairi kushoto na kulia. Likicheza hapo tu, tazama tairodi. Uzito wa springi waweza kuficha boljointi mbovu. Kwa hiyo fundi aijaribu pia kwa mtaimbo.

4. Daftari. Katibu aweke daftari la gari lenye tarehe, kilomita, maneno ya dereva, matokeo ya kipimo, jina la aliyepima, na kipuri kilichobadilishwa. Hati ya malipo isiidhinishwe bila kutaja ukurasa wa daftari hilo, na kipuri cha zamani kirudishwe ofisini kionekane. Kama chama kile kingefanya hivyo, shokamzoba ya pili isingenunuliwa, na boljointi ingalionekana mapema.

Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Kupunguza matumizi ni wajibu wetu, lakini kupunguza bila kujua kinachougua si uangalifu wa mali ya wanachama. Tangu siku ile, kabla sijafungua hati za matengenezo, huanza kwa kumwita dereva.

Maswali ya kujadiliwa mkutanoni:
(i) Dereva wetu akitoa taarifa, huandikwa wapi?
(ii) Ni nani mwenye mamlaka ya kulizuia gari lisiondoke?
(iii) Vipuri vilivyotolewa mwaka uliopita viko wapi?

Mkaguzi wa Ushirika