Mashine imenikata vidole, je, yameisha?

SWALI: Mashine ya kiwandani hapa Tanzania ilinikata vidole viwili. Mwajiri amelipa hospitali, anasema yameisha. Nina haki zaidi?

JIBU: Pole sana, ndugu. Hayajaisha. Matibabu ni haki moja, ulemavu wa kudumu ni nyingine, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) unahusika na zote mbili. Ulemavu ukikadiriwa kuwa hauzidi asilimia 30, hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi, ni pensheni ya kila mwezi. Utaambiwa ulizembea. Uzembe wa kawaida haufuti fidia, kwa kuwa sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya 2008 haijengwi juu ya kumsaka mwenye kosa. Kinachoua madai ni kuchelewa: una miezi 12 tangu ajali. Usisaini karatasi yoyote ya “kumalizana” kabla ya tathmini. Mwajiri akigoma kutoa taarifa, nenda WCF mwenyewe.