Ugali Peke Yake Hautoshi: Chakula, Usingizi na Afya ya Akili



Mtu akianza kusahau ovyo, kukesha usiku, kulia bila sababu au kusema maneno yasiyoeleweka, jirani wa kwanza husema amerogwa, na wa pili husema ni laana ya ukoo. Ni mara chache kumsikia mtu akiuliza: "Miezi hii amekuwa akila nini? Analala saa ngapi?" Katika somo la mwezi huu tutaona kwa nini maswali hayo yaulizwe mapema.

Funzo kutoka kambini

Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliingiwa na ugonjwa uitwao pelagra. Watu zaidi ya 17,000 waliugua. Chakula chao kikuu kilikuwa mahindi, na karanga walizokuwa wakigawiwa zilikuwa zimekatika.

Pelagra huletwa na upungufu wa vitamini iitwayo niasini. Ngozi inayopigwa na jua, hasa ya shingo na mikono, huwa nyeusi na kubabuka. Mgonjwa huharisha. Asipotibiwa, akili nayo huvurugika: hukosa usingizi, huwa mwenye huzuni au hasira, husahau, na mwishowe huweza kuchanganyikiwa kabisa na kufa. Lakini akipewa vitamini hiyo, mara nyingi akili huanza kutulia katika siku chache.

Mahindi yana niasini, ila imefungwa kiasi kwamba mwili hauipati vizuri. Wenyeji wa Meksiko tangu kale huchemsha mahindi kwa maji ya chokaa, na kwa njia hiyo niasini hufunguka. Sisi hatuna desturi hiyo. Basi ugali wetu unahitaji mwenzake: karanga, dagaa, samaki, nyama, mayai, maziwa, kunde au maharage. Si lazima kiwe chakula cha gharama. Konzi ya karanga zilizotwangwa katika mchicha ni msaada mkubwa.

Mambo mengine ya kuangalia nyumbani

1. *Chumvi.* Nunueni chumvi yenye madini joto. Upungufu wake huleta rovu, uchovu na uzito wa mawazo, na kwa mama mjamzito huweza kudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni.

2. *Damu.* Mwenye upungufu wa damu huchoka upesi na hawezi kutuliza mawazo. Mboga za majani na maharage husaidia, hasa zikiliwa pamoja na limau, chungwa au embe. Chai isinywewe pamoja na chakula, kwani huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Ngojeni saa moja hivi.

3. *Pombe.* Mlevi hula kidogo, na pombe humnyima vitamini B1, hata akaweza kupoteza kumbukumbu moja kwa moja. Pombe humlaza mtu upesi, kisha humwamsha usiku wa manane na kumzidishia huzuni. Lakini aliyezoea kunywa sana kila siku asiache ghafla bila kumwona mganga wa hospitali, maana anaweza kupata kifafa.

4. *Usingizi.* Mtu mzima anahitaji saa 7 hadi 9, na watoto zaidi ya hapo. Lalameni na kuamka kwa saa zilezile, na simu zisilale kitandani.

5. *Kazi na maongezi.* Kutembea, kulima na kula pamoja mkizungumza hupunguza msongo wa mawazo.

Je, chakula chatosha kuwa dawa?

Hapana. Mwaka 2017 watafiti wa Australia walitoa matokeo ya utafiti juu ya watu 67 wenye sonona. Kwa wiki 12 kundi moja lilifundishwa kula mboga, matunda, jamii ya kunde, samaki na nafaka zisizokobolewa. Kundi la pili lilipewa mtu wa kuzungumza nalo tu. Katika kundi la kwanza karibu theluthi moja walitokwa na ugonjwa. Katika la pili walikuwa 8 kwa kila 100. Wengi wao walikuwa wakiendelea na matibabu yao. Maana yake, chakula bora humsaidia mgonjwa, lakini hakichukui nafasi ya dawa. Aliyeandikiwa dawa asiziache kwa sababu amesoma makala hii.

Mgonjwa akikataa kula, akisikia sauti zisizosikiwa na wengine, au akizungumzia kujiua, msimwache peke yake wala kumfunga kamba. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Mwombeeni, lakini mwombeeni mkiwa njiani.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Wiki iliyopita, ugali wa nyumbani kwetu uliliwa na nini?
2. Je, kuna jirani tunayemwita mwehu ambaye hajawahi kufikishwa kwa mganga? Nani atamsindikiza?