Buswezi hujifunzwa kwa vitabu?

*Nina miaka 19. Bibi yangu alikuwa mswezi, ila alifariki kabla hajanifundisha. Nianze na vitabu gani ili nijifunze buswezi peke yangu? Msomaji, Usoke.*

Pole kwa msiba, mwanangu. Naona hofu yako ni kwamba alichokijua bibi kimezikwa naye. Hakijazikwa chote, lakini vitabu vitakupa ufahamu tu, havitakufanya mswezi. Wicca, dini iliyotangazwa Uingereza na Gerald Gardner miaka ya 1950, ina vitabu vya mtu anayefanya ibada peke yake. Scott Cunningham wa Marekani alitoa kimoja mwaka 1988. Lakini buswezi ni chama cha pepo cha Wanyamwezi. Mtu huingizwa na wenzake, kwa ngoma na mafunzo, na hakuna ukurasa unaoshika nafasi yao.

Anza na makala ya Hans Cory ya 1955 kuhusu buswezi, kisha kitabu cha R. G. Abrahams cha 1967 kuhusu watu wa Unyamwezi. Ni vya Kiingereza. Mwombe mwalimu msome pamoja. Utasema ni maandishi ya wageni, na Cory aliitumikia serikali ya kikoloni. Ni kweli, ndiyo maana kila unachosoma ukipeleke kwa wazee waliomfahamu bibi, wakisahihishe. Vijitabu vinavyoahidi utajiri au mpenzi, bila kutaja nani alimfundisha mwandishi, achana navyo kabisa.

Na katika kujifunza huku, ukianza kukosa usingizi au kusikia sauti zinazokutisha, nenda kituo cha afya mapema. Mganga naye akikutaka umlipe, muulize kwanza usajili wake. Sheria ya tiba asili ya 2002 inamtaka awe nao.