Kuhifadhi Ujana: Dawa Yake Si ya Kupaka

Bismillahi. Ama baad. Ndugu Muislamu, hapana asiyependa kubaki na sura ya ujana, wala kupenda huko si aibu. Aibu ni kuutafuta ujana mahali usipokuwapo, tukanunua maradhi kwa fedha zetu wenyewe.

Mtume wetu s.a.w. alitufundisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuleta ugonjwa illa ameuletea dawa, isipokuwa mmoja, nao ni uzee. Basi akuuziaye dawa ya kuuondoa uzee akuuzia kisichokuwapo. Lakini uzee ujao kabla ya wakati wake una sababu zake, na nyingi katika hizo zaepukika.

Tazama mfano wa bara. Kawajense ni kata ya mji wa Mpanda, mkoa wa Katavi, na katika nchi ile huchimbwa dhahabu. Wachimbaji wadogo huishika chenga ya dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma hata zebaki ikatoka mvuke. Mwenye kuuvuta mvuke ule hudhurika ubongo na figo, na mikono yake huweza kutetemeka kama ya mzee, naye angali kijana.

Utasema, "Mimi ni mtu wa pwani, sichimbi dhahabu, haya yanihusu nini?" Yakuhusu sana! Zebaki ile ile hutiwa katika baadhi ya mafuta na sabuni za kung'arisha uso. Hupita katika ngozi ikafika kwenye figo, na aliyejipaka huweza kuwadhuru mkewe na wanawe kwa kugusana nao na kwa kitambaa cha kujifutia. Kwa hatari hiyo Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka marufuku juu ya vipodozi vyenye zebaki. Basi kopo lisiloandikwa kilichomo usilinunue. Na uliyekwisha kulitumia, acha, umwendee tabibu.

Ama mvi, mwaka wa 8 wa Hijra (630), Makka ilipofunguliwa, aliletwa Abu Quhafa, babake Sayyidna Abu Bakr, kichwa na ndevu zikiwa nyeupe kabisa. Mtume s.a.w. akaamrisha zigeuzwe rangi, ila zisitiwe nyeusi. Hina ya majani yatosha. Piko la dukani aghlabu lina dawa kali ya rangi, iwezayo kuchoma ngozi na kuvimbisha uso.

Ujana huhifadhika kwa mambo mepesi: kuacha tumbako, ambayo hukunja ngozi mapema, kujikinga na jua kali, kutolijaza tumbo, kulala mapema baada ya Isha, kwenda msikitini kwa miguu, na kutumia mswaki. Haya hayauzwi kwa kopo, na ndiyo sababu hapana mchuuzi ayasifuye.

Kumbuka kuwa mwili ni amana, na kila mja ataulizwa ujana wake aliumaliza katika nini. Hataulizwa uso wake uling'aa kiasi gani.

Wabillahi taufiki.